Maua ya Kaburini, Bafuni kwa Rispah

Maji yakaacha kumwagika.

Hapo ndipo tulipomwacha Rispah wiki jana, wajukuu wangu. Amesimama nje ya mlango wa bafu lake mwenyewe pale Kitale, taulo mkononi. Ndani ya bafu yumo Lenah, dada mkubwa wa mumewe. Lenah alitoka Bumula Alhamisi asubuhi kuja kuchukua sufuria kubwa za karamu. Aliingia na vumbi lake akaomba maji ya kuoga kabla Rispah hajapata neno la kumkatalia.

Na ukutani mwa bafu hilo, kimo cha kifua, umepita mstari mmoja wa taili za maua ya zambarau.

Kitendawili! Najua mmeitikia tega, hata wewe unayesoma gazeti la bosi kwa kujificha. Chumba kidogo kuliko vyote nyumbani, lakini hata chifu akiingia huvua kofia.

Ndiyo, ni bafu. Na ni bafu lililomtia Rispah kwenye shida hii. Acha nimwelezee upesi yule aliyekosa gazeti la wiki jana, ninyi wengine vumilieni.

Mama Nangila, mama yao Lenah na Sifuna, alizikwa Bumula mwaka juzi. Watoto wakakubaliana wamjengee kaburi la taili, na Jumamosi hii kuna ibada ya kumkumbuka. Sifuna, mume wa Rispah, huendesha lori la chakula cha msaada hadi Lokichoggio, kwa hivyo alimwachia mkewe kazi ya kununua. Rispah akaenda kwa Gicheru mwenye duka. Akanunua taili nyeupe za kutosha, na maboksi manne ya zile za maua za kuzungushia kando ya kaburi.

Maboksi matatu ya maua yalienda Bumula. Moja likabaki Kitale.

Usiniulize kwa nini kama hujawahi kuwa kwenye chama cha akina mama wa kuchangiana. Zamu ya Rispah kutembelewa ilikuwa imefika, na wanawake wa chama mnawajua. Wakiingia kwako hunawa mikono bafuni, na macho yao nayo hufanya kazi humo humo. Bafu la Rispah lilikuwa simenti tupu, limeota weusi pembeni. Taili za ukuta mzima hangeziweza. Fundi akamwambia, "Mama, usijisumbue. Paka rangi nyeupe juu na chini, hapa katikati upitishe mstari mmoja wa maua. Boksi moja linatosha. Mtu akiingia ataangalia maua, hataangalia simenti."

Na kweli. Wanawake wa chama walitoka bafuni wakipiga vigelegele. Mmoja alisema ni kama hoteli ya Eldoret. Rispah alicheka nao, akawapakulia wali, lakini yeye mwenyewe chakula hakikushuka.

Alijiambia atanunua boksi lingine kabla hawajaanza kujenga. Alipofika dukani, Gicheru alitikisa kichwa. "Hayo maua hayaji tena, mama. Kampuni imebadilisha. Siku hizi wanaleta ya samaki."

Samaki! Utamwekea mkwe wako samaki kaburini?

Basi kule Bumula, maua yakaisha kabla ya kuzunguka upande wa kichwa. Fundi Barasa, jirani wa siku nyingi wa boma lile, akaacha hapo simenti wazi. Watu wakaanza kumtazama Barasa kwa jicho la pembeni.

Sasa turudi mlangoni. Maji yameacha kumwagika, na Lenah anaita.

"Rispah! Hebu kuja hapa!"

"Nakuja, mulamwa."

Alimwita mulamwa, yaani wifi, kwa sauti nyororo kama mtu anayembembeleza mbwa asiyemjua.

Mlango ukafunguka. Lenah alikuwa amejifunga leso, maji yanamchuruzika mabegani. Kidole chake kilikuwa juu ya ua moja la zambarau.

"Hii ni nini?"

"Ni taili."

"Naona ni taili, mimi si kipofu. Nauliza hizi maua."

Rispah alimnyooshea taulo.

Lenah alitazama ukuta. Akatazama sakafu. Akatazama ukuta tena. Rispah alingoja kelele, alingoja kofi, alingoja jina lake litangazwe mtaani mpaka Kipsongo. Lakini Lenah hakupiga kelele. Alikuwa kama mtu aliyepotea njia kisha akaiona.

Halafu akatabasamu.

"Woi, mulamwa. Kumbe walikuuzia mali ya mama."

"Ati?"

"Barasa! Si nilisema? Amechukua taili za kaburi akazileta Kitale akauza, na wewe maskini ukanunua bila kujua. Alikuja mwenyewe ama alituma mtu?"

Wajukuu wangu, hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Rispah angesema tu, hapana, Lenah, si Barasa, ni mimi. Maneno machache. Mtoto wa nasari angeyasema.

"Ni fundi alileta," akasema.

Na haikuwa uongo wote. Kweli fundi ndiye aliyezibeba kutoka sebuleni hadi bafuni.

"Fundi gani?"

"Sikumuuliza jina."

"Basi ni yeye!" Lenah akapiga makofi, maji yakaruka. "Lete simu yangu iko kwa mkoba. Baba lazima asikie hii mapema."

Rispah akaileta simu. Miguu yake ndiyo iliyokwenda, yeye mwenyewe alikuwa kama amebaki mlangoni.

"Baba? Baba, unanisikia? Tumepata taili! Ndiyo! Ziko hapa kwa Sifuna, kwa bafu! Aliuziwa, baba, hakujua. Barasa... Ati yuko hapo? Yuko hapo kwako sasa hivi?"

Barasa alikuwa kwa Mzee Mukhisa, baba yao Lenah, akimalizia njia ya kwenda kaburini. Kule simu ikapita mkono hadi mkono mpaka kwa Barasa, na Lenah akaigeuza yake akambandika Rispah sikioni.

"Mwambie mwenyewe."

"Mama Bramwel?" Ndivyo Rispah anavyoitwa, kwa jina la mwanawe. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, imejaa mashaka. "Mimi ni Barasa. Ati nimekuuzia nini?"

Rispah aliyatazama maji sakafuni.

"Mama Bramwel, mimi Kitale sijakanyaga tangu ile mvua kubwa ilibeba daraja. Nitakuuzia taili nikipitia wapi, bana? Waambie. Mzee yuko hapa ananiangalia. Waambie hunijui kwa hiyo biashara."

Lenah alikuwa ameleta sikio lake karibu kabisa. Harufu ya sabuni ilimjaa Rispah puani.

"Barasa," alianza, "mimi..."

Simu ikakatika. Kredi ya Lenah ilikuwa imeisha.

Jambo la kwanza Rispah alilohisi ni nafuu. La pili ni aibu kwa kuihisi hiyo nafuu.

"Umesikia vile anatetemeka?" Lenah alisema, akijifuta shingo. "Mtu wa haki hatetemeki. Jumamosi ataweka mkono, na tutaona."

Kuweka mkono! Wa Bumula wananielewa. Katika boma lile, kitu cha marehemu kikipotea, yule anayetajwa huja mbele ya watu, huweka mkono juu ya kaburi, hutaja jina lake na kusema, sikuchukua. Hakuna atakayempiga. Hakuna atakayemfunga. Ila wasipomwamini, hakuna atakayekula naye tena, wala kumwita kwake kwa kazi. Kwa fundi, hiyo ni kama kukatwa vidole. Na tayari kanisa lilikuwa limemnyang'anya Barasa kazi ya kujenga ngazi, ati wangoje kwanza Jumamosi.

Lenah aliondoka mchana huo huo, sufuria zimefungwa kwa kamba juu ya gari. Alimkumbatia Rispah kwa nguvu.

"Usijali, mulamwa. Wewe huna makosa."

Gari halijapinda kona, Rispah alikuwa bafuni na nyundo na tindo.

Alitaka kuzibandua. Azifunge kwa gazeti, azipeleke Bumula, aseme amezipata kwa duka fulani, kwa mtu fulani, popote. Barasa aachwe. Kaburi likamilike. Na yeye apone.

Aliweka ncha ya tindo pembeni mwa taili ya kwanza akagonga polepole. Taili haikusikia. Akagonga kwa nguvu kidogo. Kah! Ufa ukapita katikati ya ua, na vipande vikamwangukia miguuni.

Alijaribu ya pili kwa upande wa chini. Ilitoa sauti hiyo hiyo.

Akaketi kwenye sakafu yenye maji, kanga yake ikaloa, na hakujali. Taili ikishashikwa na simenti haitoki nzima. Fundi alimwambia hivyo siku ile, tena kwa majivuno: "Hizi mama, hata wajukuu wako watazikuta hapa."

Ijumaa, jua likiwa bado juu, lori likaunguruma nje. Sifuna amerudi.

"Mama Bramwel! Kuna maji? Niko na mchanga wa Turkana mpaka ndani ya masikio!"

Rispah alimpokea mkoba. Alijua bafu halikwepeki. Sifuna hakuwa ameliona tangu lipakwe rangi. Akaingia, na mara Rispah akasikia mluzi, kisha wimbo wa kanisani, kisha kicheko.

"Wewe!" Sifuna aliita humo ndani. "Hii bafu umeigeuza hoteli! Pesa ulitoa wapi, mwanamke?"

"Si mstari mmoja tu. Kingine ni rangi."

"Ni mstari mmoja lakini umefanya kazi! Lakini ni nini ilivunja hizi mbili?"

"Nilikuwa nagonga msumari wa taulo."

"Na nyundo ya lori?" Akacheka tena. Alitoka amejifunga taulo, uso umeng'aa, akaketi na kikombe cha chai. Halafu sauti yake ikapungua.

"Mama angeipenda. Unakumbuka vile ulikuwa unamwogesha hapo, akiwa anaenda hospitali? Alikuwa anasema ile ukuta nyeusi inamwogopesha."

"Nakumbuka."

"Hakuna binti alimwogesha vile ulimwogesha. Hata Lenah hakufanya. Mimi sisahau hiyo, Rispah."

Rispah alihisi kama amemwagiwa chai ya moto kifuani. Afadhali angetukanwa.

"Baba Bramwel, kuna kitu nataka kukuambia."

"Niambie."

"Ni kuhusu hizo taili."

"Mh."

"Hizo taili mimi..."

Akainua macho. Kikombe kilikuwa kimelala mapajani mwa Sifuna, na Sifuna naye alikuwa amelala. Ameendesha kutoka Lodwar bila kupumzika. Rispah aliondoa kikombe taratibu. Angeweza kumwamsha. Hakumwamsha.

Nina mzigo, nikiubeba peke yangu unaniua, nikiutua kila mtu anauona. Kitendawili hicho sikitegi, nakijibu mwenyewe: ni hatia. Tuendelee.

Jumamosi asubuhi waliingia Bungoma, wakapita Kanduyi ambapo wauza mahindi ya kuchoma walikuwa wakiwasha makaa, wakakata njia ya Bumula. Sifuna alikuwa ameshasikia habari kwa simu, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Barasa," alisema, akikamata usukani kama anamnyonga. "Yule mtu alikula kwa mama yangu tangu akiwa kijana. Nikimshika!"

"Na kama si yeye?"

"Nani mwingine? Si zimekutwa kwa nyumba yangu?"

"Pengine..."

"Usimtetee, Rispah. Roho yako ni laini sana. Ndiyo maana walikuuzia."

Rispah akatazama mashamba ya miwa yakipita. Alijua atasema. Alijua pia kwamba amejua hivyo tangu jana, tangu juzi, na bado hajasema.

Hema lilikuwa limejaa. Kwaya imevaa buluu, viti vya plastiki mpaka kwa ng'ombe, moshi wa kuku unatoka nyuma ya nyumba. Na pale kando ya migomba, kaburi la Mama Nangila liling'aa jeupe, maua ya zambarau yamelizunguka pande tatu. Upande wa nne, wa kichwa, simenti ya kijivu. Kila aliyepita aliinama akapatazama, akaguna.

Mchungaji alimaliza mahubiri. Wimbo ukaisha. Watu wakaanza kunusa chakula, lakini Mzee Mukhisa akainuka na fimbo yake, na hema likanyamaza.

"Kabla hatujala, tumalize neno la nyumbani. Barasa yuko wapi?"

"Niko, mzee."

Barasa alitokea nyuma akiwa na koti lililombana mabega. Mkewe alibaki amesimama, mikono kichwani.

"Nawa kwanza, Barasa!" mtu akapiga kelele, na vijana wakacheka.

"Umejenga bafu ngapi mwaka huu, fundi?" akadakia mwingine.

Barasa akageuka. "Nikitoka hapa nitakujengea ya kwako bure. Mkeo amechoka kukunusa."

Kicheko kikalipuka, hata mchungaji akakohoa. Lakini Rispah aliona mikono ya Barasa. Ilikuwa inatetemeka kama vile Lenah alivyosema. Na sasa alijua maana ya mtetemeko ule. Mtu asiye na kosa ndiye anayeogopa kutoaminiwa. Mwenye kosa ameshazoea.

Lenah alikuwa mbele kabisa, ameshika kitabu cha nyimbo. "Mwacheni aweke mkono," alisema kwa sauti kubwa. "Mama anangoja."

Barasa akapiga magoti upande wa ile simenti tupu. Akakunja mkono wa koti. Akanyoosha kiganja.

"Mimi Barasa..."

"Barasa, ngoja."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilisikika. Vichwa vyote viligeuka. Rispah alikuwa amesimama katikati ya wanawake, leso yake imeanguka, hakuiokota.

"Rispah, kaa chini," Sifuna alinong'ona.

Hakukaa. Alitembea hadi kaburini, akapiga magoti upande wa pili wa Barasa, akaweka kiganja chake juu ya simenti. Ilikuwa ya moto kwa jua.

"Mimi Rispah, mke wa Sifuna. Nilichukua boksi moja. Sikuuziwa na mtu. Nilinunua za mama kwa Gicheru, nikatoa moja nikaweka kwa bafu yangu. Lenah aliponiuliza nikanyamaza. Barasa aliponiuliza kwa simu nikanyamaza. Barasa, nisamehe."

Hema zima likafanya mmmh, kama ng'ombe wengi kwa pamoja.

"Mayi wee!" mwanamke mmoja alilia.

Sifuna alikuwa amesimama. Halafu akaketi tena, polepole, akafunika uso kwa kofia.

Barasa alimtazama Rispah kwa muda. Alionekana kama mtu aliyekuwa akiusukuma mlango kwa nguvu zake zote, na sasa umefunguka ghafla naye hajui aanguke ama asimame.

Mzee Mukhisa alikuja na fimbo yake. Hakumtazama Rispah, kwa kuwa yeye ni baba mkwe, na baba mkwe wa kwao hamsemeshi mke wa mwanawe uso kwa uso. Tangu Rispah aolewe, mzee hajawahi kumwambia neno ila kupitia kwa mtu.

"Lenah," akasema. "Muulize mke wa ndugu yako swali moja. Mama yako alipokuwa mgonjwa alioga kwa bafu hiyo. Nimesikia alikuwa anaogopa ukuta wake. Muulize kama aliweka hayo maua kwa ajili ya mama."

Wajukuu, mliona huruma ya mzee yule? Alikuwa amemtengenezea njia. Neno moja tu, ndiyo, na wanawake wote wangelia kwa upendo. Binti mkwe aliyeiba maua kwa kumpenda marehemu! Wangemwimbia. Sifuna angetoa kofia usoni.

Lenah akamgeukia. "Rispah. Baba anauliza kama ulifanya hivyo kwa ajili ya mama."

Neno ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Rispah aliisikia ladha yake, tamu.

"Hapana," akasema.

"Sema tena," mzee akasema, na hapo alisahau kupitia kwa Lenah.

"Hapana, baba. Mama alipokuwa hai, akiogopa ule ukuta, sikuweka maua. Nilisema tutaweka siku moja. Niliweka nilipoona wanawake wa chama wanakuja, nikaona haya kwa simenti yangu. Niliweka wanisifu. Na walinisifu."

Hapakuwa na mmmh tena. Kuku wa jikoni walisikika wakichemka.

Kisha Barasa akakohoa.

"Mzee, naomba neno."

"Sema. Leo ni siku yako."

"Mama Bramwel amesema alichukua boksi moja." Fundi aligeuka kwake. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na mshangao. "Mama, ulinunua ngapi za maua?"

"Manne. Gicheru ndiye alipima, akasema manne yanazunguka kaburi lote."

"Ukaleta hapa ngapi?"

"Matatu."

"Uliyaleta kwa nani? Kwa dereva?"

"Niliyaleta mwenyewe, na mikono yangu. Nikayaweka chini ya kitanda cha Lenah yangoje fundi."

Barasa akainua vidole viwili juu, watu wote waone.

"Mimi nilipewa mawili."

Upepo ulipita kwenye migomba. Mahali fulani mtoto aliuliza kama chakula kimeiva, akazibwa mdomo.

"Mawili," Barasa akarudia. "Ndiyo maana upande mzima umekosa. Kama ni boksi moja peke yake limepotea, ningepachika zile nyeupe katikati ya maua mpaka yafike kichwani, na hakuna mtu angejua. Nilijaribu. Mawili yakaishia pande tatu."

Mzee Mukhisa aligeuka. Safari hii hakuhitaji mtu wa kumbebea maneno.

"Lenah, mwanangu. Kuja uweke mkono."

Lenah akacheka, kicheko kifupi kilichokatika njiani. "Mimi, baba? Mimi niliyezaliwa kwa hii nyumba?"

"Kuja."

"Baba, watu wana njaa. Chakula kinapoa. Huyu mwanamke ameshakiri, sasa mnatafuta nini kingine?"

"Weka mkono, Lenah. Sema tu jina lako, na useme hukuchukua. Ni maneno machache."

Watu wakaanza kusogea, wakifungua njia kati ya Lenah na kaburi. Wale vijana waliomcheka Barasa sasa walikuwa wamenyoosha shingo. Rispah, kiganja chake bado kikiwa juu ya simenti ya moto, aliinua macho akamwona wifi yake usoni. Akautambua uso ule kabla ya mtu mwingine yeyote. Ulikuwa uso wake mwenyewe, wa Alhamisi, mlangoni mwa bafu.

Angeweza kufurahi. Kuna watu pale waliofurahi.

Rispah alisogea kidogo magotini, akauvuta mkono wake kando, akamwachia Lenah nafasi.

"Kuja, mulamwa," akasema pole pole. "Ukishaweka, si vigumu tena."

Kitabu cha nyimbo kikaanguka mavumbini. Lenah akatazama ile nafasi kwenye simenti, akamtazama baba yake, na mbele ya watu wote akaificha mikono yake miwili ndani ya leso.